Swali Ambalo Rula Hakuuliza

Kaka yangu wanamwita Rula, eti anapima na kuchagua cheni ya mashine kwa jicho tu. Miaka thelathini ameuza dukani kwetu, mimi nikiwa kaunta, na hajarudishiwa hata moja. Lakini jicho ni mbwembwe. Kazi yenyewe ni maswali matatu: mota ina nguvu gani, gia inazunguka kasi gani, na mzigo unakuja taratibu au kwa kishindo?

Siku ile bosi wa mashine ya kusaga kokoto alileta kipande cha cheni iliyochakaa. "Rula, nipe kama hii." Kaka akakitazama, akataja saizi papo hapo, wateja wakashangilia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hakuuliza kitu. Mimi niliona hajauliza, nikaendelea kufunga mzigo.

Kumbe kile kipande kilikuwa cha cheni ya pampu ya maji, waliyoifunga kwenye mashine ya kokoto kwa kubahatisha. Mpya ilikaa kwenye meno ya gia bila tatizo, ila mawe yalikuwa mazito kwake. Siku ya nne ikakatika, ikamng'oa kijana mwendesha mashine vidole vitatu.

Bosi akamfukuza kazi, na matibabu akakataa kulipa. "Amejaza mawe kupita kiasi. Cheni ya Rula haikatiki hivihivi."

Habari ilipotufikia, kaka hakula siku mbili. Nilimkasirikia, na nilijionea aibu pia.

"Nikisema, nani ataingia humu tena?" aliniuliza.

"Asiingie mtu, kaka. Mwenzio hana vidole!"

Akaenda kwa bosi, nami nyuma yake. "Kosa ni langu. Nilikupa cheni nyepesi."

Bosi alicheka, akampiga bega. "Mzee, una huruma mno. Wewe hukosei." Kaka akaandika kosa lake kwenye karatasi, akatia sahihi. Bosi hakuipokea.

Tukaenda nyumbani kwa mwendesha mashine. Alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa bandeji, mkewe anamlisha. Kaka alisimama mlangoni, akasema yote: hakuuliza, alichagua vibaya, kosa si la kijana.

Yule kijana alimsikiliza hadi mwisho.

"Asante kwa kunifariji, mzee," akasema. "Lakini cheni ilikuwa ya Rula mwenyewe. Lazima aliyekosea ni mimi."