Ndagala za Mama Mkwe

Déborah wa Kavimvira ameiangalia filamu moja ya Kichina mara arobaini, katika kile chumba cha video ambamo Lukumani hushika mikro na kutafsiri. Chuoni akaiandikia mémoire, tasnifu yake ya kumaliza masomo. Sura nzima ilihusu maneno ya shujaa anapokufa: "Mama mkwe, nisamehe, sikukuletea ndagala." Uvira nzima, mji wa ziwani unaoishi kwa dagaa hao, hulia hapo.

Siku ya kuitetea, profesa Achille, mtu wa kuchokonoa, akaleta filamu yenyewe, bila Lukumani, yenye maandishi ya Kifaransa chini. Shujaa akaomba maji, akafa.

"Mademoiselle, ndagala iko wapi?"

Déborah akainamisha kichwa. Lakini rais wa jopo, papa Hyacinthe, akapiga meza, machozi yakimlengalenga:

"Profesa, zima ile! Bachina baliharibu filme yetu!"