Nilivyomvisha marehemu begi nikiwinda nguzo za kuchonga hapa Juba

Wakuu, salamu huko mliko.

Hii nawapa kama ilivyotokea, sijaongeza chumvi, maana sehemu kubwa ni aibu yangu mwenyewe.

Nachaji simu za watu kwenye kibanda pale mtaa wa Sherikat. Shule niliiacha Uganda nikiwa senior two, kwa hiyo Kiswahili changu mtakivumilia.

Hobby yangu ni kutafuta nguzo za mbao zilizochongwa watu au wanyama. Nikisikia iko mahali, naenda, napiga picha, nasave. Wenzangu walikuwa wananicheka: "Vita inamaliza watu, wewe unapiga picha kuni!"

Mimi nilikuwa naota siku moja nizipange zote ukutani watu waje waone. Nilishafikisha thelathini na moja.

Siku moja dereva wa lori, mteja wangu, akaniambia, "Mtaa wa New Site kuna nguzo kali sana ya Wabongo."

Wabongo! Nikajua tu ni Mtanzania amefungua karakana ya vinyago. Nikaenda nikifanya mazoezi ya "mambo vipi, kaka."

Nikaikuta uani kwenye nyumba ya mabati. Mti mwekundu, urefu kama wangu, kichwa cha mtu juu, chini umekatwa pingili pingili. Sikuona mtu. Nikaivisha begi langu shingoni, nikaanza kupiga picha.

Dada mmoja akatoka mbio na mwiko mkononi.

"We! Toa mzigo kwa baba!"

Nikageuka. Baba gani?

"Huyo hapo! Umemfanya msumari?"

Wakuu, ndiyo nikajua kuna kabila hapa Sudani Kusini linaitwa Bongo. Si nyinyi wa Dar, tulieni. Mtu wao mkubwa akifariki, wanamchonga, wanamsimamisha kaburini. Baba wa yule dada alifia Juba vita ilipoingia mjini, akazikwa hapo uani, na baba yake mdogo ndiye aliyechonga.

Nikapiga magoti kuomba msamaha mpaka yule dada, Rebeka, akaanza kucheka.

Nikiwa bado chini, mwanajeshi wa doria akaingia. Miaka hiyo kupiga picha Juba ilikuwa kesi. Akanyakua simu.

"Inta jasus?" Yaani, wewe ni jasusi?

Akafungua gallery. Nguzo hii iko karibu na daraja, ile karibu na kambi ya jeshi. Mimi nilikuwa naona nguzo, yeye aliona ramani. Nikajua leo napandishwa gari, na sirudi.

Rebeka akaingia kati yetu, mwiko bado mkononi.

"Huyu nimemwita mimi. Anapiga picha ya baba tumtumie mama. Mama yuko kambi ya wakimbizi Uganda, hajaona kaburi hata siku moja."

"Baba yako yuko wapi?"

"Umemsogelea sana. Rudi nyuma kidogo."

Wallahi alirudi nyuma!

Akafuta picha zangu moja moja huku naangalia. Zote thelathini na moja. Alipofika ya mzee, akaitazama, akanirudishia simu. "Hii ya mama. Nenda."

Kesho yake Rebeka akaja kibandani, tukamtumia mama ile picha. Mama akapiga simu, tukaweka loudspeaker. Anaongea Kibongo, Rebeka ananitafsiria.

"Anasema masikio wameyapatia. Baba alikuwa anasikia sufuria ikifunuliwa hata akiwa mtoni."

Tukacheka wote watatu.

"Sasa analia."

Halafu Rebeka akaacha kutafsiri. Mama hakuwa anaongea na sisi tena, alikuwa anaongea na mzee.

Wakuu, zile picha ziliniuma, sidanganyi. Lakini namshukuru Rebeka kwa uongo wake uliogeuka ukweli, na hata yule mwanajeshi, maana angeweza kuifuta na ile ya mzee.

Nimeanza upya. Ila siku hizi nikikuta nguzo siulizi "hii ni nini." Nauliza "huyu ni nani," kisha nasubiri niambiwe.

Kwenu mnawachonga wazee wenu? Mwenye habari ya nguzo aseme iko wapi, na ni ya nani. Mnaotaka kunicheka kuhusu begi, uwanja ni wenu.