Sifa Katikati ya Maharagwe

Harufu ya majani ya maharagwe baada ya mvua hunirudisha mpaka leo kwenye shamba letu la mlimani, huko Masisi, juu ya njia inayoteremka hadi Kirotshe, kando ya ziwa. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, nami nilikuwa na miaka tisa. Maharagwe yetu yalikuwa ya kutambaa. Kila shina lilisimikiwa mti mwembamba uliozidi urefu wa mtu, na mtoto akiingia kati ya mistari hiyo hakuonekana tena. Msimu huo nilikuwa na kazi moja tu: kumlea mdogo wangu, Sifa.

Sifa alikuwa na miaka mitano na alikuwa hajatembea. Shingo yake ilichelewa kukaza, mikono ilichelewa kushika, na maneno yake hayakuzidi matatu. Baba alimteremsha hadi dispensari ya kando ya ziwa, wakarudi na dawa ya minyoo. Majirani walimwonea Mama huruma kwa namna iliyouma kuliko matusi. "Mama Zawadi," mmoja alimwambia, akimwita kwa jina langu mimi mkubwa, "huyu mutoto hatatembea. Usijichokeshe bure." Mama aliendelea kupalilia. "Hujafa hujaumbika," akajibu, bila kuinua kichwa.

Mimi sikuwa na moyo huo. Nilimbeba mgongoni kutwa nzima, mate yake yakinilowesha shingo, huku wenzangu wakicheza kijitoni. Siku moja, Mama akiwa upande wa juu wa shamba, nilimketisha Sifa juu ya kitenge mwanzoni mwa mstari. "Kaa hapa. Narudi sasa hivi," nikamwambia, kisha nikakimbia kwenda kucheza. Niliporudi jua lilikuwa limehama, na kitenge kilikuwa kitupu.

Nilishuka kwanza kwenye korongo la kando ya shamba, nikatazama maji, nikiogopa hata kuita. Hapakuwa na kitu. Nilipopanda tena ndipo nikaona miti imeinama, mingine imevunjika, na kwenye udongo alama za magoti. Mbele kidogo, alama za nyayo. Nilizifuata. Sifa alikuwa katikati ya maharagwe, amesimama, ameshika mti kwa mikono miwili, matope mdomoni na damu kwenye paji la uso. Aliachia mkono mmoja, akaunyoosha kwa mti wa mbele, akaanguka. Hakulia. Alipumua, akautafuta mti, akajivuta juu taratibu. Nilipoinama nimbebe, aliusukuma mkono wangu. "Bado," akasema. Neno hilo halikuwa miongoni mwa yale matatu niliyoyajua.

Wahenga husema mwenda pole hajikwai. Sifa alikwenda pole kuliko kiumbe yeyote niliyepata kumwona, na alijikwaa karibu kila hatua. Nilitembea nyuma yake mpaka juu alipokuwa Mama. Mama alimwona, akaweka jembe chini, akakaa palepale kwenye udongo.

Jioni Baba alikuja kukagua shamba. "Nani amevunja miti yangu?" akauliza.

"Ni mutoto wako," Mama akasema. "Amenifikia na miguu yake."

Kesho yake alfajiri Baba alikata miti minene, akaisimika kwa mstari kutoka mlango wa nyumba mpaka jikoni, wala hakupanda kitu chini yake. Mvua zilizofuata zilimkuta Sifa akiipita bila kuishika.

Aliishi akalima, akazeeka kabla yangu, akafa akiwa na maneno machache bado. Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu kazini kwake, kwenye kituo kimoja cha watoto walio kama Sifa. Nikamwona mtoto mdogo ameshika fito mbili za chuma, akapiga hatua moja, na chumba kizima kikampigia makofi. Nilifurahi, kwa kuwa hayo ni mema ambayo sisi hatukuyajua. Lakini niliona haya pia. Siku ile shambani mtu pekee aliyeshuhudia hatua za kwanza za Sifa alikuwa mimi, na muda wote nilikuwa nikilia, si kwa ajili yake, bali kwa kuogopa kwamba Mama angejua nilikuwa nimemwacha.