Tenisi ya Taa Nane

Juzi nilikuwa kwa fundi wa simu kule Makongeni, nikingoja kioo kipya, msichana wa chuo akaweka kwenye kaunta kibao chenye taa nane na vitufe viwili.

"Fundi, nitolee hizi parts. Chuo inataka zirudi."

"Kwani hii ni nini?" fundi akauliza.

"Ni tenisi. Taa ikikufikia, unabonyeza. Ndiyo project yangu ya mwisho."

"Walimu walicheza?"

"Waliangalia tu waya, wakaandika marks." Akanigeukia, kidole tayari juu ya kitufe chake. "Uncle, tucheze moja tu?"

Nikaangalia saa, nikamwambia nina haraka.

Haraka gani, wasomaji? Simu yangu ilikuwa bado imefunguliwa pale mezani. Nilikaa saa nzima, nikitazama taa ziking'olewa moja moja.