Majani Mapya Mpakani

Hasira nilizaliwa nazo, na sijawahi kuziombea radhi. Asubuhi nilipokuta shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, ameng'oa milamula, miti midogo iliyotenganisha kibanja chetu cha migomba na chake, na kuipanda upya karibu kabisa na jiko langu, sikulia. Mstari mzima wa mibuni yetu ulikuwa umehamia kwake! Kwetu mlamula ndio mpaka, na anayeung'oa ameng'oa neno la wazee.

Mume wangu alikuwa Burma, kwenye vita vya Waingereza na Wajapani, na habari zake zilikuwa zimekatika. Shemeji alishaanza kumwita marehemu, kwanza kwa kunong'ona kwenye pombe ya lubisi, halafu kwa sauti. Mkungu, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa tayari kusikiliza shauri letu, lakini barazani mwanamke hakuwa na mdomo. Ilibidi mwanamume amsemee. Nikamwomba dereva wa lori la Mhindi wa Bukoba, aliyekuwa akija upande wetu wa Rubya kuchukua kahawa, afikishe ujumbe nyumbani kwetu Ijuganyondo: kaka yangu mkubwa aje anisemee. Yule mpole, nilisisitiza.

Siku lori liliporudi nilikuwa rweyani, kule kwenye uwanda wa nyasi juu ya kijiji, nikikata majani ya kutandika sakafuni pamoja na mama mkwe na mke wa shemeji. Ndiyo, mke wa shemeji. Ugomvi ulikuwa wa mumewe. Majani tulikata pamoja, maana nyumba haziwezi kukaa na sakafu chakavu eti kwa sababu wanaume wamenuniana. Mara jirani yetu akaja mbio kutoka gulioni, anahema.

“Kaka zako wameshuka kwenye lori! Wote! Na mapanga!”

Niliomba mdomo, wakaniletea mapanga. Yule mpole ndiye aliyekuwa mbele, jirani alisema, na wakati huo walikuwa wanakata kiu kabla ya kupanda kwetu. Kabla hajamaliza tukasikia pembe ikilia huko chini kwenye migomba. Shemeji naye alikuwa anaita ukoo wake, na watu wa ukoo ule mikuki hawakuiweka ukutani kwa urembo.

Hapo sikuwaza mibuni tena. Binti zangu wawili walikuwa wa ukoo wa baba yao, ndivyo mila ilivyosema. Kaka zangu wangemwaga tone moja la damu ya ukoo ule, jua lisingetua kabla sijafukuzwa, na watoto wangebaki. Yule mdogo alikuwa hajajua hata kumenya ndizi. Ningemwachia nani?

Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo yalikuwa ya kunikosoa. Aliukaza mzigo wake wa majani, akasema, “Haya hayaendi nyumbani. Yanakwenda mpakani. Kimbieni!”

Tulikimbia! Wanawake wengine waliokuwa rweyani wakajitwika yao na kutufuata bila maswali, maana kila mmoja wetu alikuwa dada wa watu fulani na mke wa watu wengine, na kila mmoja alijua zamu yake ingeweza kufika. Mimi nilikuwa nacheka njiani, mzigo kichwani, pamoja na woga wote ule, nacheka tu. Tulipofika tukatandika. Kuanzia milamula iliyohamishwa hadi kwenye mashimo ya zamani, chini ya mibuni yote ya ugomvi, tukatandaza majani mabichi, manene, yananukia, kama sebule ya harusi. Mama mkwe akaketi katikati, akanyoosha miguu, akaagiza kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna.

Kwetu mgeni huacha silaha nje ya mlango. Kukanyaga majani mapya na mkuki mkononi ni kumtukana mwenye nyumba pamoja na wazee wake waliozikwa kibanjani. Hata mlevi alilijua hilo.

Kaka zangu walitokea upande wa chini, wamepandwa na mori. Shemeji na watu wake wakatokea juu. Wakasimama, hawa huku na wale kule, majani katikati.

“Karibuni ndani,” mama mkwe akasema.

“Ndani ya nini?” shemeji akafoka. “Mae, hii ni mibuni! Hata paa hakuna!”

“Paa limechelewa. Majani hayo hapo.” Akawatazama wa chini, akawatazama wa juu. “Nina wana wawili. Mmoja nimeshawapa Waingereza. Huyu simtoi kwa mtu.”

Kaka yangu mpole alilitazama panga lake kama kitu alichookota njiani. Ndipo mke wa shemeji akamwendea mumewe, akapiga magoti kama alivyomsalimia kila siku, akanyoosha mikono yote miwili.

“Waitu, bwana wangu, nikupokee mkuki.”

Angefanyaje, mbele ya watu? Akauachia. Loo, nusura nipige vigelegele! Mmoja mmoja wakaweka silaha chini ya migomba, wakaingia katika nyumba isiyo na ukuta, wakaketi, wakapokea kahawa na kutafuna.

Mkungu alipofika, anatweta, alikuta baraza limeshakaa bila yeye. Akamgeukia kaka yangu. “Haya, msemee dada yako.”

“Barazani angemsemea,” mama mkwe akadakia. “Hapa ni nyumbani. Nyumbani huyu ana mdomo. Nausikia kila siku, wala hauchoki.”

Watu wakaangua kicheko, nami nikasema. Nilisema, furaha na hasira zikigombania ulimi mmoja. Nikawaonyesha mashimo ya milamula, udongo wake bado mbichi. Nikawauliza matanga ya mume wangu yalikaliwa wapi, na nani alinyoa nywele za msiba. Kama hakuna matanga, hakuna marehemu. Na kama hakuna marehemu, basi shemeji amemwibia askari aliye vitani. Shemeji akabaki anachezea majani.

Siku hiyo hiyo milamula ilirudi mahali pake. Shemeji alifukua mashimo, mimi nikaishika miche isimame wima. Mwanamke kushika mpaka ilikuwa mwiko, lakini mkungu aligeuka akawa anakagua migomba kwa makini sana. Kaka zangu walirudi Ijuganyondo juu ya magunia ya kahawa, wakiimba. Binti zangu walilala kwangu.

Mume wangu alirudi vita vilipokwisha, amekonda, na koti la jeshi mabegani. Majirani walijaa kumsikiliza, akawasimulia Burma mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake akazunguka kibanja, akaiona milamula imelegea kidogo pale alipoiacha imesimama imara, na kaka yake akamweleza yaliyotokea, kwa kifupi sana. Akaja kunikuta ndani.

“Nani alitusemea?” akauliza.

“Hakuna. Nilisema mwenyewe,” nikamjibu. “Na vua buti hizo, majani ni mapya.”