Mkanda Ulioshonwa na Mwingine

Kijiji kizima cha Kochkor kilijua kuwa Tursunai hakosei mshono. Kazi ya ngozi alifundishwa na baba mkwe wake, fundi wa matandiko ya farasi, na mzee alipokaribia kufa alimwachia yeye, si mumewe Kubat, visu, msharasi wa kutobolea ngozi na muhuri wa chuma wenye alama ya pembe za kondoo. Ngozi iliyogongwa muhuri ule haikuulizwa maswali sokoni.

Matandiko yalipopungukiwa na wateja, walianza kuja watu wenye mbwa. Walitaka mikanda ya kifuani ya kutembezea, hasa kwa watoto wa mbwa, maana mtoto akivutwa shingo anakabwa. Tursunai hakukurupuka. Alikwenda kwa Zamira, daktari wa mifugo, akamuuliza kama kitu hicho ni salama kwa mnyama ambaye bado anakua.

"Ni salama, ila ukimshonea yeye kwa kipimo chake, si ukishona tu," Zamira alimwambia, huku akimshika mbwa wake mwenyewe kuonyesha. "Ukanda ushuke katikati ya kidari, mabega yabaki huru. Usipite mbele ya mabega kama kizuizi, atajifunza kutembea hatua fupi. Makwapani pasiguswe. Vidole viwili viingie kila upande. Na baada ya wiki mbili aletwe tena, maana atakuwa ameshakuwa mbwa mwingine."

"Je, akivuta mzigo?"

"Asivute chochote mpaka mifupa ikomae. Mbwa wa aina kubwa, hata mwaka na nusu."

Tangu siku hiyo Tursunai alikuwa na sharti moja: mkanda hautoki mpaka mtoto wa mbwa aje mwenyewe kupimwa, na mwenye mbwa aahidi kurudi. Wengine walinung'unika, lakini walirudi.

Vitu vyake vingine, pochi na mijeledi, viliuzwa jijini Bishkek na wifi yake Aichurok, dada mdogo wa Kubat. Walipendana. Tursunai ndiye aliyemlea Aichurok tangu akiwa na miaka tisa, akimsuka nywele kila asubuhi. Mbwa wake wa kuwinda alipozaa, alimpa Aichurok dume bora kuliko wote, mwenye manyoya ya kijivu, jina lake Boz. Mbwa wa namna hiyo kwao hauzwi. Anapewa mtu wa moyoni.

Mwanzoni mwa vuli alifika mgeni kutoka Bishkek akiwa amembeba mtoto wa mbwa wa miezi mitano. Alimweka chini. Mnyama akatembea kwa hatua za kubana, kama anayepita penye utelezi. Makwapani nyama ilikuwa wazi, nyekundu.

"Mama, wewe ndiye Tursunai?" mgeni aliuliza. Hakusalimu. "Basi angalia kazi yako."

Tursunai alipiga magoti. Mkanda ulikuwa wa ngozi ngumu, umekatwa kama wa farasi wa mkokoteni, ukipita moja kwa moja mbele ya mabega. Uzi ulikuwa wa nailoni. Lakini kwenye ngozi, pembe za kondoo zilikuwa zimegongwa, tena kwa chuma chake, kwa sababu pembe ya kushoto ilikuwa na ufa anaoujua.

"Hii sikushona mimi."

"Muuzaji alisema ni wewe. Akasema umehakikisha mtoto anaweza kuuvaa kutwa nzima mpaka akue, na hata mbwa wa muuzaji mwenyewe umempimia."

Tursunai alinyanyuka na kwenda kwenye kisanduku cha muhuri. Muhuri haukuwepo. Alikuwa hajagonga kitu tangu kiangazi kianze, kidole gumba kilikuwa kinamuuma kila alipoinua nyundo, na hakuwa amefungua kisanduku kile. Alirudi, akamkata mnyama yule mkanda, akampaka dawa, akampima na kuanza kumshonea mwingine palepale.

Kesho yake aliingia soko kuu la Bishkek. Mikanda ile ilining'inia kwenye kibanda cha Aichurok kama samaki waliokaushwa. Chini ya meza alikuwa Boz. Alimtambua Tursunai, akaja mbio, lakini mbio zile hazikuwa za mbwa wa kuwinda. Mabega yalikuwa yamefungwa na ukanda, miguu ya mbele ikipigapiga chini kwa kifupi.

"Wifi! Mbona hukusema unakuja?" Aichurok aliinuka akicheka.

"Hata huyu, Aichurok? Hata Boz?"

Kicheko kilikatika. "Wateja wanataka kuona mkanda umevaliwa. Sasa ningefanyaje? Wewe na vidole vyako viwili na wiki zako mbili! Nani mjini ana muda huo? Kuna mtu anashona kumi kwa siku."

"Ungewauzia kwa jina lake huyo."

"Jina lake nani analijua?"

"Ukaniibia muhuri."

Aichurok alimtazama machoni. "Sikuiba mimi. Kamuulize mumeo nani alinipa."

Tursunai aliinama kando ya Boz. Alichomoa kisu, akaukata mkanda wa Boz mbele ya wateja, kisha akawaambia waliokuwepo, kwa sauti ya kawaida, kwamba mikanda ile si yake na itawaharibia wanyama wao. Alichukua muhuri mezani, akaondoka na mbwa. Nyuma yake Aichurok alikuwa akipiga kelele, "Umenimaliza, wifi! Umenimaliza mbele za watu!"

Kubat alikuwa akinywa chai Tursunai alipoingia nyumbani. Alimwona mbwa, akaelewa.

"Tangu lini?" Tursunai aliuliza.

"Tangu kiangazi." Aliinamisha kichwa. "Ni damu yangu, Tursun. Alilia. Na ule muhuri ni wa baba yangu."

"Alinipa mimi."

"Najua alikupa wewe," Kubat alisema, na katika sauti yake mlikuwa na uchungu wa miaka ishirini ambao mkewe hakuwahi kuusikia.

Hilo ndilo lililomuuma kuliko soko lote. Hakuhama, wala hakutukana. Ila alihamishia vifaa vyake kwenye chumba cha nyuma, akatia kufuli, na ufunguo akaufunga kiunoni. Zamira alimpima Boz: mifupa mizima, misuli ndiyo iliyojikaza. Kila asubuhi Tursunai alimtembeza mtoni polepole. Ilipofika masika, hatua ya mbwa ilirefuka, ingawa akichoka aliifupisha tena. Wateja kadhaa wa Bishkek hawakurudi kamwe.

Siku ya Nooruz, mwaka mpya wa kwao, Aichurok alikuja na bakuli la maandazi ya boorsok, macho yamevimba. Tursunai alimkaribisha, akatandika kitambaa, akakata mkate. Kisha akammiminia chai. Kwao mgeni mpendwa hutiliwa chai kidogo kidogo, ili aombe tena na tena na akae. Tursunai alimimina mpaka ukingoni.

Aichurok alikitazama kikombe kile kwa muda. Alikunywa chote, akavaa viatu, akatoka. Kubat alimsindikiza dada yake hadi barabarani, peke yake.