Mkanda wa Gari la Harusi

Fundi Chande wa Mikindani alikuwa ameng'oa mashine mbovu ya kupoza hewa kwenye gari la harusi, na sasa mkanda wa feni ulikuwa unapwaya. Bibi harusi alitakiwa Nanyamba kabla ya adhuhuri.

"Fundi, mtoto wetu ataota mvi humu!" shangazi mtu akamtania.

Chande akanyakua ukili aliokuwa akisuka mkewe, Mwasiti, akauzungusha kwenye puli tatu zilizobaki za kupitishia mkanda, akaukata.

"We mwanamume! Mkeka wangu huo!"

"Nitakusukia mwenyewe, mama."

Kwa kipimo kile akapata mkanda mfupi kati ya mikanda yake mikuukuu. Akaufunga, akavuta dainamo kuukaza, akawasha. Feni ikazunguka vizuri. Vigelegele vikapasua mtaa, gari likaondoka, shangazi kachomoza nusu dirishani akicheza.